Mwongozo kamili wa kuitazama The West Wing kwa mara ya kwanza ukiwa Arusha

The West Wing, tamthilia ya runinga kuhusu Ikulu ya Marekani, ina sehemu zaidi ya 150, kila moja ya dakika arobaini na kitu. Ukizijumlisha unapata zaidi ya saa 100 za watu wazima wanaotembea haraka kwenye korido huku wakibishana. Ndiyo maana wengi wanaoianza hapa mjini huiacha wakifika sehemu ya pili au ya tatu: majina ni mengi, Kiingereza kinakwenda mbio, na hakuna anayekaa kukueleza kwa nini kura tano za wabunge zinawakosesha watu usingizi.

Naipenda tamthilia hii bila kificho, na nasema mtu wa Arusha ana njia fupi ya kuielewa. Huu ndio mji ambao Azimio lilipitishwa mwishoni mwa Januari 1967. Hapa ndipo ilipokaa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Hapa ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na aliyekulia hapa amezoea kusimamishwa barabarani msafara upite. Mengi yanayowahangaisha Rais Bartlet na watu wake yameshapita mlangoni kwetu.

Shauri langu kubwa ni hili: fuata kazi. Katika kila sehemu kuna jambo ambalo lazima liamuliwe kabla ya saa fulani. Jiulize nani analitaka, nani anaweza kulizuia, na muda unakwisha lini. Ukiyashika hayo matatu, taratibu za Marekani usizozijua utazizoea njiani.

Unachopaswa kujua kabla ya kubonyeza

Tamthilia ilitungwa na Aaron Sorkin. Ilianza kuonyeshwa kwenye kituo cha NBC tarehe 22 Septemba 1999, ikamalizika tarehe 14 Mei 2006 baada ya misimu saba. Ilipata tuzo ya Emmy ya tamthilia bora miaka minne mfululizo, kuanzia 2000 hadi 2003. Inahusu upande wa Ikulu ya Marekani zilipo ofisi za Rais na wasaidizi wake wa karibu, na karibu kila kitu kinatokea humo ndani.

Ni Ikulu ya kubuni, na kalenda yake si ya kweli. Marekani halisi ilipiga kura ya urais 1996, 2000 na 2004. Bartlet yeye alichaguliwa 1998, na uchaguzi unaofuata ni 2002. Kwa hiyo usipoteze muda kumtafuta Clinton au Bush ndani yake. Josiah Bartlet, anayeigizwa na Martin Sheen, ni mchumi mwenye tuzo ya Nobel, Mkatoliki, gavana wa zamani wa New Hampshire, mtu wa chama cha Democrat. Nchi inayozunguka ofisi yake ni ya kweli. Yeye si wa kweli.

Jihadhari na jambo moja mapema: usitafute majina ya waigizaji wala wahusika mtandaoni mpaka umalize. Tamthilia imeshakuwa ya zamani, na watu huandika mwisho wake wazi wazi kwenye mstari wa kwanza. Akikuuliza rafiki aliyekwisha kuiona umefika wapi, mjibu, kisha mwombe akae kimya.

Kuhusu kuipata, angalia kwanza huduma unayoilipia tayari, kwa sababu haki za kuonyesha tamthilia hubadilika kati ya nchi na nchi, mwaka hadi mwaka. Njia nyingine ni kuagiza boksi la DVD la misimu yote saba. Ukichagua DVD, soma namba ya kanda nyuma ya boksi kabla hujalipa. Diski za Marekani ni kanda ya 1, za Uingereza ni kanda ya 2, na Tanzania tuko kanda ya 5. Deki isiyosoma kanda zote itakataa diski halali kabisa uliyoinunua kwa pesa yako. Deki nyingi za bei ya kawaida madukani husoma zote, lakini jaribu na muuzaji pale pale dukani. Kwa anayetumia bando, kadiria GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida na GB 3 kwa picha kali. Tamthilia hii haihitaji picha kali. Karibu yote ni nyuso, milango na makaratasi.

Sauti kwanza, picha baadaye

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanatafuta runinga kubwa, wanasahau kwamba hii ni tamthilia ya maneno. Watu wawili wanaongea, wa tatu anaingia kutoka pembeni na jambo lake, wa kwanza anajibu swali aliloulizwa dakika mbili zilizopita. Neno moja likikuponyoka, umepoteza kamba. Spika ndogo ya bluetooth ikiwekwa karibu na viti inasaidia kuliko inchi kumi za ziada za kioo.

Halafu kuna mabati. Masika yakishika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ya jioni juu ya bati la nyumba ya Sakina au Ngarenaro isiyo na dari haimwachii mtu nafasi ya kusikia Kiingereza cha Washington. Washa maandishi ya Kiingereza chini ya skrini tangu sehemu ya kwanza, hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Nusu ya watu wataanza kwa kuyasoma, na baada ya sehemu sita au saba masikio yatakuwa yamezoea kasi. Usisubiri kupata iliyotafsiriwa na dijei kwa Kiswahili. Madijei wetu ni mafundi, lakini kazi yao inahitaji ukimya kati ya sentensi, na humu ukimya ni adimu.

Tazama na wenzako, watatu hadi sita. Chini ya hapo hakuna mabishano, juu ya hapo kuna kelele. Mmoja ashike rimoti na awe na ruhusa ya kusimamisha picha mtu akiuliza swali. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya Arusha inawaweka watu ndani mapema, na huo ndio msimu mzuri wa kuanza: chai ya tangawizi, karanga, masweta, na umeme ambao mmeshauhakikisha kwa kuangalia uniti za Luku kabla watu hawajakaa. Laptopu iliyojaa chaji iwe tayari pembeni, ili umeme ukikatika mmalizie hapo.

Kama mtatazama na wazazi au wakwe, fahamuni kwamba sehemu ya kwanza kabisa ina habari ya mmoja wa wasaidizi kulala na mwanamke anayelipwa kwa kazi hiyo. Hakuna picha za aibu, lakini mazungumzo yapo. Mzee aliyeandaliwa hatanyanyuka kwenda kuangalia geti.

Watu wa kuandika daftarini

Chukua daftari la kawaida. Ukurasa mmoja uwe wa watu, na mbele ya kila jina andika kazi yake kwa Kiswahili chako.

Leo McGarry ni mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu. Ukimfikiria Katibu Mkuu Kiongozi hujakosea sana, kwa maana kila karatasi inapita kwake, ila Leo si mtumishi wa umma aliyepanda vyeo. Ni rafiki wa Rais na mtu wa siasa, na Rais akiondoka naye anaondoka. Josh Lyman ni naibu wake. Kazi yake kubwa ni kuhesabu kura bungeni na kuzitafuta zinazokosekana. Toby Ziegler ni mkurugenzi wa mawasiliano, mwandishi mkuu wa hotuba, mtu mwenye huzuni na mwenye msimamo. Sam Seaborn ni naibu wa Toby. C.J. Cregg ndiye anayesimama mbele ya waandishi wa habari kila siku, kazi ambayo kwetu ingekuwa ya Mkurugenzi wa Mawasiliano ya Rais. Mwangalie vizuri. Allison Janney anaigiza mtu ambaye anatakiwa kusema ukweli bila kusema yote, na kwa maoni yangu hakuna anayemzidi humo.

Charlie Young, kijana anayemtumikia Rais binafsi, anaingia sehemu ya tatu. Donna Moss ni msaidizi wa Josh, na maswali yake ni zawadi kwako: kila Donna anapouliza jambo, mwandishi anakueleza wewe. Mama Landingham ni katibu muhtasi wa Rais, mama mtu mzima ambaye Rais mwenyewe anamheshimu kama mkubwa wake. Mandy, mtaalamu wa habari anayejitokeza sana mwanzoni, hayumo baada ya msimu wa kwanza na hakuna maelezo yanayotolewa. Usimtafute.

Katiba mbili, yao na yetu

Hii ndiyo sehemu ya kukaa nayo. Ukielewa tofauti moja tu kati ya Ikulu yao na yetu, nusu ya tamthilia imefunguka.

Kwetu, mawaziri ni wabunge. Waziri anasimama Dodoma, anausoma muswada wake, anaujibia, na wabunge wa chama chake wanatarajiwa kuupitisha. Mnadhimu wa chama yupo kwa ajili hiyo. Zaidi ya hapo, Katiba yetu inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, anapoteza na kiti chake. Kwa hiyo kumkaidi mwenyekiti wa chama si jambo la kuamua asubuhi ukinywa chai.

Marekani mawaziri hawaruhusiwi kuwa wabunge. Rais hana mtu wake ndani ya ukumbi. Muswada anaoutaka lazima uombewe kura kwa watu 435 wa Baraza la Wawakilishi na maseneta 100, na mbunge wa chama chake mwenyewe anaweza kumwambia hapana, akarudi jimboni, akachaguliwa tena kwa sababu hiyo hiyo. Chama hakiwezi kumvua kiti. Ndiyo maana Josh yuko mbioni kila siku. Ndiyo maana kura tano ni habari ya sehemu nzima.

Jambo la pili ni saini. Rais wa Marekani akikataa kusaini muswada, mabunge yote mawili yanaweza kuupitisha kwa theluthi mbili na ukawa sheria bila yeye. Kwetu pia Bunge linaweza kuurudisha kwa theluthi mbili, lakini hapo Rais ana njia mbili: ausaini ndani ya siku 21, au alivunje Bunge. Rais wao hana wembe huo mkononi. Kila mara Bartlet anapotishia kukataa kusaini, kumbuka kwamba hawezi kumfukuza mtu hata mmoja katika wale wanaomsumbua.

Jambo la tatu ni Mahakama ya Juu, majaji tisa wanaokaa maisha yao yote. Rais anateua, Seneti inathibitisha au inakataa. Uteuzi mmoja unaweza kuishi miaka thelathini baada ya Rais mwenyewe kusahaulika, ndiyo maana wanaparurana namna ile.

La nne ni ile desturi ya Seneti ya seneta kuongea bila kukoma ili kuzuia kura. Bungeni kwetu Spika anakata dakika na mbunge anakaa. Kule, asipokaa mwenyewe, zinahitajika kura 60 kumnyamazisha. Katika msimu wa pili kuna sehemu nzima juu ya mzee mmoja anayesimama usiku kucha, na usipojua kanuni hii utaona watu wanamtazama babu anayesoma mapishi.

Sehemu nne za mwanzo

Anzeni mwanzo. Wapo watakaowaambia rukeni mpaka msimu wa pili, au anzeni na sehemu fulani iliyosifiwa. Msiwasikilize. Tazameni nne za kwanza kwa jioni mbili, kisha ndipo mwamue kama mnaendelea.

Sehemu ya kwanza Rais haonekani mpaka mwisho. Utamsikia akitajwa, utaona watu wakikimbia kwa ajili yake, na yeye hayupo. Usikasirike. Unaoneshwa ofisi ikifanya kazi bila bosi, ili akiingia ujue uzito wa mlango unaofunguka.

Ya pili na ya tatu zitazameni jioni moja, bila kuzitenganisha. Mwishoni mwa ya pili inakuja habari ya ndege ya jeshi la Marekani iliyotunguliwa ikiwa na madaktari, na mmoja wao Rais anamfahamu. Sehemu ya tatu inauliza jibu gani linalingana na kosa. Makamanda wana orodha ya kawaida ya maeneo ya kupiga. Rais, kwa hasira, anataka jibu kubwa zaidi.

Hapa simamisheni picha na kumbukeni Agosti 1998. Tarehe 7 ya mwezi ule balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi zililipuliwa. Dar walikufa watu 11, Nairobi zaidi ya 200, na walio wengi walikuwa watu wetu. Tarehe 20, siku 13 baadaye, Marekani ilirusha makombora Sudan na Afghanistan. Sehemu hii ilionyeshwa mwaka mmoja baadaye. Sisi ni miongoni mwa watu wachache duniani wanaoweza kuitazama wakijua kwa nafsi zao upande ule mwingine wa meza: waliozikwa wakati wengine wanapanga jibu. Wakubwa waliopo sebuleni watakuwa wanakumbuka walikuwa wapi siku ile. Waacheni waseme, sehemu itawasubiri.

Ya nne inafunguka kwa mwendo mrefu wa kamera moja isiyokatwa: kutoka ukumbi wa hoteli Rais alikomaliza hotuba, kupitia korido na jiko, hadi magarini, na humo humo watu wanapata habari kwamba kura tano za muswada wa silaha zimepotea. Itazameni mara mbili. Mara ya kwanza fuateni maneno. Mara ya pili zimeni sauti na mwangalieni anayetangulia, anayebaki nyuma, anayemkaribia Rais na anayesubiri aitwe. Mtindo huo wa kutembea na kuongea, ambao mwongozaji Thomas Schlamme aliusimamia, ndio alama ya tamthilia nzima, na kwa macho yasiyo na sauti mtaona kwamba ni ramani ya madaraka.

Ndani ya sehemu hiyo hiyo kuna jambo dogo linalonipendeza mno kama mtu wa mji huu. Toby ananunua hisa za kampuni ya teknolojia kwa dola 5,000, na zinapanda hadi 125,000 muda mfupi baada ya rafiki yake, ambaye Toby alimsaidia kufika mbele ya kamati, kutoa ushahidi kuhusu hisa za aina hiyo. Hakufanya hila. Hata hivyo fomu ya kutangaza mali imetoka, na kila mtu anaona namna inavyonuka. Sasa chukueni miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha muisome kwa sauti: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kwa miiko ile Toby asingefika mlangoni. Miiko ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na leo viongozi wetu wanajaza tamko la mali kila mwisho wa mwaka kwa Sekretarieti ya Maadili. Swali la kubishania usiku huo ni hili: je, inatosha kutangaza, au kuna vitu kiongozi asiwe navyo kabisa? Mwenye nafasi akapite Jumapili kwenye jumba la makumbusho ya Azimio, pale Kaloleni karibu na mnara wa Mwenge, kisha arudi kwenye sehemu hii. Mabishano yatakuwa na mizizi.

Inapofika zamu ya Afrika

Nitasema wazi: Afrika ya tamthilia hii ina majeraha mengi na sura chache. Nchi yake ya Kiafrika ni ya kubuni, Kundu ya Ikweta, na kila inapotajwa kuna kilio. Hilo litawaudhi, na mna haki ya kuudhika. Lakini msizime, kwa sababu humo kuna mambo matatu yanayostahili jioni nzima.

La kwanza ni sehemu ya nne ya msimu wa pili. Rais Nimbala wa Kundu, anayeigizwa na Mwafrika Kusini Zakes Mokae, anakwenda Washington kuomba bei nafuu ya dawa za UKIMWI, na anakaa meza moja na makampuni ya dawa. Katika mazungumzo Toby anatoa hoja kwamba dozi inahitaji vidonge vingi kwa saa maalumu, na wagonjwa hawana saa za mkononi. Hoja hiyo haikubaki kwenye runinga. Mwaka 2001 mkuu wa shirika la misaada la Marekani alisema jambo la namna hiyo hadharani. Sisi tunajua kilichofuata. Dawa zilipofika, watu walizimeza kwa wakati. Wapo waliofunga dozi yao na taarifa ya habari ya redio ya saa mbili usiku, wapo waliofuata adhana, wapo waliokumbushwa na watoto wao wa shule. Mjadala wa sehemu hii uongozwe na mtu aliyeuguza enzi zile, kama yupo na yuko tayari.

La pili ni jepesi na linafurahisha. Sehemu ya 16 ya msimu huo huo, wataalamu wa ramani wanakuja Ikulu kumwonyesha C.J. kwamba ramani tuliyoizoea, iliyotokana na mchoro wa Mercator wa mwaka 1569, inapotosha ukubwa wa nchi. Greenland inaonekana karibu sawa na Afrika. Kwa kweli Greenland ni kilomita za mraba milioni 2 na kidogo, Afrika ni milioni 30. Wekeni atlasi ya shule mezani kabla ya kuanza. Watoto wenye umri wa kutosha waiteni kwa sehemu hii.

La tatu ni zito: sehemu za 14 na 15 za msimu wa nne, zilizoonyeshwa Februari 2003. Kuna mauaji ya kimbari Kundu, na Rais anatakiwa kuamua kama askari wa Marekani wafe kwa ajili ya watu wasiowajua. Anamuuliza kijana wake mwandishi wa hotuba kwa nini maisha ya kule yanaonekana na thamani ndogo kwake, na kijana anamjibu bila kupamba. Ni Rwanda ya 1994, hakuna asiyeiona. Na sisi tunaitazama kutoka mji ambao majaji waliketi AICC, kituo chetu cha mikutano ya kimataifa, ambako tarehe 2 Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu alipatikana na hatia, hukumu ya kwanza ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa. Mahakama ilifungwa mwisho wa 2015, na kazi iliyobaki ikahamia Lakilaki. Wapo majirani zetu waliofanya kazi pale kama wakalimani, walinzi, madereva, wachapaji. Tamthilia inamaliza jambo kwa uamuzi wa mtu mmoja ofisini. Arusha ilichukua miaka ishirini, shahidi baada ya shahidi. Zungumzeni juu ya tofauti hiyo.

Mwendo, na pa kuvuta pumzi

Sehemu mbili kwa jioni, jioni mbili kwa wiki. Zaidi ya hapo maneno yanachanganyika kichwani. Kwa mwendo huo mtamaliza saba zote kwa miezi tisa au kumi, na ni sawa kabisa. Watazamaji wa kwanza walichukua miaka saba.

Sehemu ya 10 ya msimu wa kwanza ni ya Krismasi. Kama mnaweza, ipangeni iangukie Desemba, watu wanapokwenda Moshi kuhesabiwa, muitazame huko huko Machame au Marangu na ukoo. Inamhusu Toby na askari mzee asiye na makazi aliyekufa nje kwa baridi bila mtu, na babu yeyote aliyewahi kuvaa sare atakuwa na la kusema.

Sehemu ya 14 ya msimu huo huo inahusu hukumu ya kifo na Rais mwenye mwisho wa wiki mmoja wa kuamua. Kwetu adhabu hiyo bado ipo kwenye vitabu, haitekelezwi bila saini ya Rais, na haijatekelezwa tangu katikati ya miaka ya 1990. Bartlet anatafuta ushauri kwa kila mtu, hata padri wake. Msitazame nyingine baada ya hiyo usiku huo.

Sehemu tano za mwisho za msimu wa pili, ya 18 hadi ya 22, zitazameni ndani ya wiki moja. Ni kilele cha kazi ya Sorkin. Mwishoni kuna mahali ambapo Rais anaongea Kilatini kanisani na hapewi tafsiri. Sikilizeni sauti na uso kwanza. Kesho yake mtafuteni mzee aliyesoma seminari awaeleze.

Kabla ya msimu wa tatu mtakuta sehemu inayoitwa Isaac and Ishmael, iliyoonyeshwa tarehe 3 Oktoba 2001, wiki tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington. Iko nje ya hadithi. Irukeni, mwirudie mkimaliza yote.

Sorkin aliondoka baada ya msimu wa nne, na John Wells akachukua usukani. Msimu wa tano una mazungumzo mazito zaidi na vicheko vichache, na baadhi ya sehemu zake zinalegea. Kundi lenu likianza kupungua hapo, nendeni sehemu moja kwa wiki, lakini msiikose ya 17, The Supremes, juu ya nafasi iliyo wazi Mahakama ya Juu. Glenn Close anaigiza jaji ambaye kila mtu anamwogopa kumteua. Namna wanavyotoka kwenye mkwamo ule ni somo la maridhiano ambalo ningependa kila diwani alione.

Uchaguzi

Msimu wa sita na wa saba ni kampeni. Hapa Watanzania mko nyumbani. Kinachotokea Iowa na New Hampshire ni kura za maoni za ndani ya chama, tofauti ni kwamba zinakwenda jimbo kwa jimbo kwa miezi mingi na wapiga kura ni wananchi kwa maelfu. Mkutano mkuu wa chama unafuata, na safari hii matokeo yake hayajulikani kabla wajumbe hawajaingia ukumbini. Kwenye uchaguzi wenyewe, hesabu ni ya kura 538 za majimbo, na mshindi anahitaji 270. Mgombea anaweza kuwa na kura nyingi za watu nchi nzima na bado akashindwa, kama ilivyotokea kweli mwaka 2000. Chora jedwali ukutani.

Sehemu ya saba ya msimu wa saba ni mdahalo wa wagombea wawili wa mwisho, ulioigizwa moja kwa moja hewani tarehe 6 Novemba 2005, mara mbili usiku mmoja, kwa ajili ya pande mbili za nchi. Mkifika hapo waalikeni hata wasiofuatilia tamthilia, kwa kuwa inasimama yenyewe. Gaweni karatasi kabla ya kuanza, kila mtu aandike angempa nani kura. Baada ya mdahalo waandike tena. Wekeni karatasi zote kwenye bahasha, mwifunge kwa gundi, mtu mmoja akae nayo, na msiifungue mpaka matokeo yasomwe kwenye skrini.